"Nikilipwa nitakulipa" inatuumiza mafundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua sana sisi mafundi ujenzi, nalo ni kufanya kazi na kutolipwa.

Mwaka 2022 mimi na wenzangu wanne tulipewa kazi ya kupiga lipu na kumwaga sakafu na mkandarasi mmoja. Tulipatana kwa mdomo, kwa bei ya mita ya mraba. Kazi ikaisha, jengo likaanza kutumika, lakini kila tulipodai tulijibiwa, "Nikilipwa nitakulipa." Miezi minane ikapita. Mwenzetu mmoja aliuza baiskeli yake ili mtoto aende shule.

Wengi walituambia kuwa bila karatasi hatuna kesi. Huo si ukweli. Sheria ya Mikataba inatambua hata patano la mdomo. Ugumu ni kulithibitisha. Tena dai la mkataba lina muda wake, yaani miaka sita, nao ukipita mahakama hailipokei.

Tulikwenda kwa msaidizi wa kisheria. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alituuliza jambo moja tu: mna kumbukumbu gani? Bahati nzuri tulikuwa na daftari la vipimo ambalo msimamizi wa kazi alilitia saini kila Jumamosi. Akatusaidia kuandika barua ya madai yenye vipimo, bei, na siku 14 za kulipa. Tukalipwa. Lakini vyumba viwili vya ziada tulivyoagizwa kwa simu hatukupata hata senti, kwa sababu daftarini havikuwamo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zangu mafundi, tuandikishiane kabla ya kushika mwiko: kazi gani, bei gani, italipwa lini. Kazi ya ziada isianze bila saini. Na tutafute ushauri wa sheria mapema, siyo baada ya kutukanana.

Makandarasi wakubwa wana njia yao. Mikataba yao mingi ina kifungu cha kupeleka mgogoro kwa msuluhishi, na lipo Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambalo husaidia katika migogoro hiyo. Ipo pia Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Ni mambo mazuri, lakini usuluhishi una ada zake. Je, fundi anayedai fedha ya lipu ataziweza?

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1996 inayogusa mikataba mingi ya ujenzi. Asiyelipwa anaweza kumwendea mwamuzi wakati wowote, naye kwa kawaida hutakiwa kuamua katika siku 28. Uamuzi unatekelezwa kwanza. Anayetaka kubisha aende mahakamani baadaye. Na sharti la "nikilipwa nitakulipa" lilipigwa marufuku, isipokuwa pale mlipaji wa juu amefilisika. Maana yake ni kwamba hatari ya kucheleweshewa fedha haitupwi juu ya mtu wa chini kabisa.

Naomba wahusika walitazame jambo hili. Kwanza, tupate mwamuzi wa haraka na wa gharama nafuu kwa madai madogo ya ujenzi. Pili, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, basi na mikataba tunayotiliwa mbele tusaini iwe kwa Kiswahili. Mtu hawezi kudai haki iliyoandikwa katika lugha asiyoisoma.

Jengo halisimami kwa saruji peke yake. Linasimama kwa jasho la watu, na jasho hilo lina bei.

Fundi Mwashi,
Morogoro.