Laiki Haina Mdhamini

"Ukurasa wenye laiki chache ni duka lililofungwa." Maneno hayo yalitamkwa hivi karibuni na mtoa mada katika semina ya wajasiriamali wadogo jijini Dodoma, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kinamama wa batiki, vijana wanaouza simu, fundi wa masofa aliyefunga kazi siku nzima ili ahudhurie: wote wakainamia madaftari. Mwandishi wa safu hii, aliyekuwa nyuma karibu na feni isiyozunguka, hakuandika. Alikuwa anajaribu kukumbuka ni mara ngapi amegonga laiki kwenye kitu ambacho hakukisoma, akachoka kuhesabu kabla chai haijaletwa.

Imani yenyewe inajulikana. Laiki zikiwa nyingi, eti Google itakuona, wateja watamiminika, wakubwa watataka kufahamiana nawe. Imehubiriwa tangu Facebook ilipoleta kitufe hicho Februari 2009, kisha ikakigawa kwa tovuti za watu wengine Aprili 2010. Google nayo ikashikwa na wivu. Machi 30, 2011 ikatangaza kitufe chake cha +1, ili mtu akitafuta kitu aone marafiki zake wamependekeza nini. Wauza ushauri wakashangilia: kusanya +1, upande ukurasa wa kwanza!

Mwaka 2013 kampuni ya Moz ya Seattle ilionyesha kwamba kurasa zenye +1 nyingi ndizo zinazokaa juu katika matokeo. Matt Cutts, mhandisi aliyeongoza vita vya Google dhidi ya utapeli wa matokeo hayo, akajitokeza kukanusha. Kitu kizuri, alieleza, hupata +1 na hupata pia viungo kutoka tovuti nyingine. Si kwamba +1 ndiyo iliyokipandisha. Januari 2014 akarudia kuhusu Facebook na Twitter: kwa kadiri alivyojua, idadi ya laiki na wafuasi haikuwa miongoni mwa vigezo vya kupanga matokeo. Na mtandao uliobeba kile kitufe cha +1? Oktoba 2018 Google ilikiri kwamba katika asilimia 90 ya mara ambazo watu waliufungua Google+, hawakukaa hata sekunde tano. Aprili 2, 2019 ukafungwa kwa watumiaji wa kawaida, na +1 zote zilizokusanywa kwa jasho la vidole zikazikwa nao, bila matanga.

Kinamama waliokuwa wakipiga makofi pale Dodoma wanajua zaidi ya mtoa mada wao, ila hawakuulizwa. Wengi wako kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Humo mtu hapewi mkopo kwa kupendwa. Akitaka laki tano, lazima wenzake wasimame wamdhamini, na akitokomea, hisa za waliomdhamini ndizo zinazoguswa siku sanduku la kufuli tatu linapofunguliwa. Ndiyo maana mdhamini huhoji: biashara gani, nyumbani wanajua, ule mkopo wa mwaka jana uliishaje? Neno lake lina uzito kwa sababu ana cha kupoteza. Anayegonga laiki anapoteza nini? Nusu sekunde. Hata bando halishtuki.

Mwaka 2012 Rory Cellan-Jones wa BBC alifungua ukurasa wa Facebook wa kampuni ya mikate ya kubuni, VirtualBagel, isiyouza chochote, akaulipia tangazo la dola chache. Laiki zikaja kwa maelfu, nyingi zikionekana kutoka Misri, Indonesia na Ufilipino. Mkate usiokuwepo ukapendwa na umati ambao, hata kama mkate huo ungekuwepo, usingeuonja kamwe. Juni 2017 polisi wa Thailand walivamia nyumba karibu na mpaka wa Kambodia, wakawakuta Wachina watatu na mamia ya simu zilizotundikwa kwenye fremu za chuma kama nguo za mtumba, pamoja na laini zaidi ya 300,000. Kazi yao ilikuwa kupandisha laiki. Na mwaka 2019 kituo cha mawasiliano ya kimkakati kilichoko Riga, chenye ithibati ya NATO, kilitoa euro 300, kikapata laiki 25,750 na nyongeza ya wafuasi na maoni. Wiki nne baadaye sehemu kubwa ya mzigo huo feki ilikuwa bado ipo mahali pake.

Wapo wanaojibu kwamba za kununua ni feki, lakini za ndugu na marafiki ni za kweli. Basi na wakumbuke matangazo ya misiba. Kabla Facebook haijaongeza nyuso za huzuni na hasira mwezi Februari 2016, mtu aliyeweka picha ya marehemu baba yake aliinuliwa dole gumba na binamu, wapwa na wote aliosoma nao. Za kweli kabisa! Walimpenda marehemu, walikipenda kifo, au waliona wengine wamegonga?

Hilo la kuona wengine wamegonga limepimwa. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science mwaka 2013 jaribio lililohusisha maoni 101,281 kwenye tovuti moja ya habari. Baadhi ya maoni yalipewa kura moja ya bandia ya kuyasifu, bila kujali yanasema nini. Msomaji aliyefuata akawa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 32, wa kuongeza sifa, na mwishowe alama za maoni hayo zikapanda kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja tu ya uongo, na watu halisi wakajipanga nyuma yake. Huo ndio umma unaoambiwa una busara.

Ugonjwa huo huo umeingia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako kila wiki kuna mzazi anayeomba "wapendwa" wampigie kura mwanawe katika shindano la picha. Mtoto hajulikani, shindano halijulikani, kura inapigwa. Hata mitandao ya wanataaluma haikusalimika: mwandishi huyu amethibitishwa na watu wawili asiowafahamu kuwa bingwa wa kusimamia miradi. Jiko lake la nje lina mwaka wa tatu bila bati.

Anayefaidika na kitufe kwa uhakika ni mwenye kitufe. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Julai 2019, katika kesi ya duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani liitwalo Fashion ID, kwamba mwenye tovuti anayeweka kitufe cha laiki anabeba wajibu pamoja na Facebook, kwa sababu taarifa za mgeni zinakusanywa na kupelekwa huko hata kama hajagonga chochote wala hana akaunti. Na Facebook yenyewe ilitangaza Januari 2021 kwamba inaondoa laiki za kurasa za wasanii na biashara, wabaki wafuasi tu. Mtoa mada wa Dodoma inaonekana bado hajafikiwa na habari hizo.

Wakati wa chai, mama mmoja wa kudarizi, aliyekuwa amejaza kurasa mbili za mahubiri yale, alimgeukia jirani yake. "Dada, mashine yangu inakata uzi, wiki ya pili hii. Huna fundi?"

Yule dada akameza andazi kwanza. "Yupo mmoja pale Majengo. Ana maneno mengi, lakini nenda tu. Akikuharibia, mimi nipo sokoni kila siku, njoo unisute."

Namba ikaandikwa nyuma ya kijitabu cha semina, pembeni ya picha ya dole gumba la buluu.