Mkate Ndani ya Kuku wa Idi

Sisi Waswahili tulioletwa Eldoret na riziki tuna ukaidi mmoja: ikifika Idi, kuku wa kujaza lazima ajazwe wali. Nami nilikuwa hodari wa ukaidi huo, mpaka Idi moja nikaalika majirani, wali ukatoka na kiini, na wageni kwa adabu zao wakautafuna kimya.

Kosa si la mpishi. Mji huu uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama Mombasa, na mchele huchelewa kuiva. Mkate umekwisha kuiva tangu kwa mwokaji. Tena tunakaa Uasin Gishu, penye mashamba ya ngano!

Basi chukua boflo la jana, ulikatekate, ulikaushe. Kaanga vitunguu kwa samli mpaka vigeuke rangi, tia thomu, pilipili manga, mdalasini kidogo, korosho na zabibu. Changanya na mkate, nyunyizia supu ulowe tu, usiwe uji. Mjaze kuku wala usishindilie, kwani mkate hufura. Mpalie makaa juu na chini, na asiepuliwe mpaka mjazo wa ndani kabisa uwe moto wa kuunguza kidole.

Wako watakaosema hicho ni chakula cha Krismasi cha Wazungu. Kwani sambusa ilizaliwa Lamu? Mama watoto alinuna mwaka wa kwanza. Mwaka huu ndiye aliyeficha maboflo mawili usiku wa kuamkia Idi, watoto wasiyamalize kwa chai.