Mswaki wa usiku ndio unaookoa meno

Ukipita mtaa wa Ayany, huko Kibera, kabla ya saa moja asubuhi, utawaona watu wamesimama mbele ya ploti zao, kikombe cha maji mkono mmoja na mswaki mkono wa pili, povu limewajaa mdomoni. Kuna mfanyakazi anayekimbilia matatu, mwanafunzi aliyekwisha kuvaa sare, na mama anayetaka kufungua kibanda chake cha mboga. Wote husugua meno kabla ya kukutana na watu. Kwa hivyo si haki kusema, kama wanavyodai baadhi ya wale wanaokuja kutuhubiria kuhusu usafi, kwamba wakazi wa mitaa kama hii hawayajali meno yao.

Hata hivyo, meno yetu yanaendelea kuharibika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa ambao Wizara ya Afya ilitoa ripoti yake mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne waliopimwa alikuwa na jino lililooza. Miongoni mwa watu wazima, zaidi ya thuluthi moja walikuwa na meno yaliyooza, na karibu wote walikuwa na fizi zinazotoka damu.

Je, ikiwa tunapiga mswaki kila asubuhi, ugonjwa huu unatoka wapi?

Maoni yangu ni kwamba mswaki wa asubuhi tunaupiga kwa ajili ya watu. Tunataka mdomo usinuke tunapozungumza na tajiri kazini au jirani kwenye matatu. Mswaki wa usiku hauna shahidi. Mlango umefungwa, maji yaliyobaki mtungini ni ya kupikia uji kesho, na watoto wamesinzia baada ya kunywa chai. Basi tunalala na mabaki ya siku nzima mdomoni. Na usiku ndio wakati meno yanapohitaji ulinzi zaidi.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Wazee wengi walituambia kwamba jino huliwa na mdudu. Hakuna mdudu wa namna hiyo. Kinachoharibu jino ni viini vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hulainisha gamba gumu la jino hadi likatoboka. Mchana mate husaidia kuosha asidi hiyo na kulirudishia jino madini yake. Tunapolala mate hupungua sana, na viini hubaki na uwanja wao wenyewe mpaka asubuhi.

Hapo ndipo sukari inapotumaliza. Wengi hufikiri kwamba hatari imo katika kiasi cha sukari peke yake. Wanasahau idadi ya nyakati ambazo sukari huingia mdomoni. Chai yenye vijiko vitatu pamoja na mandazi asubuhi, peremende saa nne, soda mchana, biskuti jioni, kisha chai tena kabla ya kulala. Jino halipati hata saa moja ya kupumua. Mtoto anayelamba peremende kidogo kidogo mchana kutwa huumia zaidi kuliko yule aliyekula kitu kitamu mara moja, pamoja na chakula chake. Vijana wanaotafuna miraa usiku kucha huku wakiteremsha soda na chingamu yenye sukari wajue kwamba nao wako katika safari hiyo hiyo.

Kuna watakaouliza: pesa zitatoka wapi, na maji je? Hilo ni swali la haki, kwa sababu katika sehemu nyingi za Kibera maji hununuliwa kwa mtungi. Lakini desturi nzuri ya meno haihitaji gharama kubwa. Mtu mzima hahitaji kujaza dawa ya meno kwenye mswaki mzima kama inavyoonyeshwa kwenye matangazo. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha, mradi dawa yenyewe iwe na floridi, jambo ambalo huandikwa kwenye pakiti. Sugua kwa dakika mbili, nje, ndani na juu ya magego, kisha tema povu. Usisukutue kwa maji mengi, kwa maana ukifanya hivyo unaiosha floridi iliyokusudiwa kubaki juu ya meno ikiyalinda usiku. Kumbe jambo linalofaa zaidi kwa meno ndilo linalookoa maji pia! Baada ya hapo usile wala usinywe kitu kingine isipokuwa maji.

Wanaotumia mswaki wa mti, kama wafanyavyo wengi katika Pwani, wasidharauliwe. Neno lenyewe mswaki lilikuwa la kijiti hicho kabla ya plastiki kufika kwetu, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza matumizi yake mahali ambapo ni desturi. Kinachotakiwa ni ncha laini iliyo safi, na kupaka dawa yenye floridi ikipatikana. Lakini majivu, makaa na mchanga tuviache. Hukwangua gamba la jino, na jino halioti gamba jingine. Aidha, wale ambao meno yao yana rangi ya kahawia kwa sababu walikulia sehemu zenye floridi nyingi ndani ya maji, kama vile Bonde la Ufa, wasijikwangue wakidhani ni uchafu. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe.

Sasa tuwatazame watoto. Wazazi wengi husema, "Hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka tu." Ni kosa kubwa. Jino la utotoni likioza, mtoto hukosa usingizi, hukataa chakula na hushindwa kusoma. Likitoka mapema kupita kiasi, yale ya ukubwani huweza kuota yakiwa yamepindana. Isitoshe, mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, huota gego la kudumu nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi asiyejua hulihesabu kuwa miongoni mwa yale yatakayotoka, akaliacha lioze. Gego hilo likishang'olewa, hakuna jingine litakaloota mahali pake.

Kwa hiyo, anza mapema. Mtoto mchanga apanguswe ufizi kwa kitambaa safi chenye maji. Jino la kwanza likitokeza, lianze kupigwa mswaki kwa dawa kidogo mno, kama punje ya mchele. Akitimiza miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Mtoto afunzwe kutema, asimeze. Msaidie mpaka afike miaka saba au minane, kwa kuwa mkono wake bado haujakomaa. Wala usimlaze na chupa ya maziwa yenye sukari au juisi mdomoni, hata kama humnyamazisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Watu wazima nao wana kosa lao. Ufizi ukitoka damu, wengi huacha kupiga mswaki mahali hapo wakidhani wameumia. Mara nyingi damu hiyo ni dalili kwamba uchafu umeganda hapo, na dawa yake ni kupasugua polepole lakini kila siku. Mama mjamzito huona damu hiyo zaidi kwa sababu ya mabadiliko ya mwili, naye asiache mswaki. Mwenye ugonjwa wa kisukari awe mwangalifu mara mbili, kwa maana sukari iliyopanda huharibu fizi, na fizi zilizoharibika hufanya iwe vigumu kuishusha sukari hiyo. Wazee wenye meno ya bandia wayatoe usiku na kuyasafisha.

Kisha liko suala la daktari. Wengi wetu humwendea siku ile ambayo hatukulala. Kwanza tumejaribu karafuu, tumetia ugoro, tumesaga aspirini na kuiweka juu ya ufizi hadi ukaungua. Tukifika hospitalini jino halitibiki tena, linang'olewa, nasi tunarudi nyumbani tukieneza habari kwamba madaktari wa meno hawajui kazi nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi na kwa pesa chache kuliko jino linalouma. Na ikiwa shavu limevimba, una homa, huwezi kufungua kinywa au kumeza mate, usingoje kupambazuke. Usaha wa jino unaweza kumwua mtu.

Hata hivyo, si haki kumtwika mwananchi mzigo wote. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Maana yake ni kwamba dawa hiyo haifai tena kuhesabiwa pamoja na vipodozi. Serikali nayo iichukulie hivyo, na kuhakikisha kwamba familia maskini zinaimudu. Mama anapompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito na kudungwa chanjo, muuguzi amfungue mtoto huyo kinywa na kutazama. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao mwaka wa 2023 serikali iliwapa mikoba ya kazi ili wazungukie nyumba kwa nyumba, nao wafunzwe kuuliza juu ya meno jinsi wanavyouliza juu ya shinikizo la damu. Na wakuu wa shule wafikirie upya kama ni sawa peremende na vinywaji vitamu kuuzwa langoni, huku darasani mwalimu akifundisha usafi wa mwili.

Lakini hayo yote yatachukua muda, na jino halingoji bajeti. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, mimina maji kidogo kikombeni, waite watoto, na kila mmoja ashike mswaki wake mwenyewe. Hakuna jirani atakayewaona. Meno yenu ndiyo yatakayoona faida.