Kompyuta zetu zisifutwe kabla ya kunakiliwa yaliyomo

Umezuka mtindo hapa kwetu Kudha, na hata Kismayo, ambao yafaa ukomeshwe. Kompyuta ya nyumbani ikikataa kuwaka sawasawa, mwenyewe huifunga kwa gunia, akaipakia mashuani na kuipeleka kwa fundi. Fundi naye, bila kuuliza neno, hufuta kila kitu na kuweka programu upya. Kompyuta hurudi ikiwaka vizuri, lakini tupu kama dema lililotoboka.

Kwa wengine huenda hiyo ikawa hasara ndogo. Kwetu sivyo. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 tulikimbia tukaacha nyaraka nyuma, na nyingi hazikuonekana tena. Tuliosomea ukimbizini Mombasa tumerudi na vyeti vya huko, barua za ukimbizi na picha za wazee wetu, na wengi tumevihifadhi katika kompyuta visije vikaharibiwa na maji ya chumvi. Mfanyabiashara apitaye Ras Kamboni na Kiunga naye ameweka humo hesabu za wadeni wake. Mwalimu mwenzangu alifutiwa alama za wanafunzi za miaka mitatu, ilhali kilichohitaji kubadilishwa ni betri ndogo ya saa, bapa kama sarafu, ya volti 3. Ikiisha nguvu, kompyuta husahau tarehe na hata mahali pa kuanzia kazi.

Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname basi, tutazame wenyewe kabla ya kukodi mashua.

Kwanza ni umeme. Wengi wetu tunategemea sola, na betri zikipungua jioni inveta hushindwa kuibeba kompyuta. Huwaka, kisha ikajizima. Ijaribu mchana jua likiwa kali, au kwa jenereta, na kwa waya mwingine. Ikiwa ni ya kupakata, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha uirudishie chaja na kuijaribu tena.

Pili, sikiliza na utazame. Feni ikizunguka na kioo kubaki cheusi, unganisha kioo kingine. Ikilia milio, mara nyingi lawama ni ya vibao vya kumbukumbu. Hewa yetu ya chumvi huweka ukoko kwenye meno yake. Chomoa umeme, kitoe kibao taratibu, sugua meno hayo kwa raba ya penseli, yafute kwa kitambaa kikavu, ukirudishe kikae imara.

Tatu, ikiwa maandishi yanatokea kusema kwamba haioni diski, chomoa kwanza flashi uliyoisahau. Huenda inajaribu kuanzia humo.

Ikiwa Windows yenyewe ndiyo inayokwama, bado si wakati wa kufuta. Programu ya Ubuntu, ambayo ni ya bure, huendeshwa kutoka kwenye flashi bila kubadilisha diski, mradi uchague kujaribu wala si kuweka. Hapo unaweza kunakili vyeti na hesabu zako. Diski iliyofungwa kwa ufunguo wa siri itaudai ufunguo huo. Uandike daftarini leo, kompyuta ingali nzima. Lakini diski ikigonga tiki-tiki, izime mara moja. Kila unapoiwasha waiua zaidi.

Siwalaumu mafundi wote. Kufuta ni kazi ya muda mfupi, kunakili huchukua saa kadhaa, na mteja hulipa bei ile ile. Ndiyo maana sharti tuwe tayari kulipia saa hizo, na tumwambie fundi waziwazi kabla hajashika bisibisi: nakili kwanza, kisha utengeneze. Asiyekubali, tumwachie kazi yake.

Shule zetu nazo zisiishie kuwafunza watoto kuchapa barua. Wafunzwe kufungua, kusafisha na kunakili. Kijiji chenye vijana wawili wenye ujuzi huo na flashi moja iliyoandaliwa hakitapeleka magunia Kismayo kila mwezi.

Tulikwisha kupoteza karatasi zetu mara moja kwa sababu ya vita. Tusizipoteze tena kwa sababu ya betri ya saa.