Unamshukuru Mungu kwa lipi?



Ndugu msomaji, ukishuka Makambako alfajiri ya mwezi wa saba, pale barabara ya Njombe na Songea inapoungana na barabara kuu iendayo Tunduma, utawakuta vijana wamevaa makoti mazito, mikono wameificha makwapani, wanasubiri mizigo ya abiria. Wasalimie. Habari za asubuhi? Watakujibu, "Namshukuru Mungu." Siku moja nilimuuliza mmoja wao, "Unamshukuru kwa lipi?" Akanitazama, akacheka, akasema, "Padre, hapo umenikamata."

Sikumlaumu. Nilipopanda gari kurudi Njombe, mwendo wa kilomita kama 60, nilijiuliza swali lilelile, na tulikaribia kuingia mjini sijapata jibu la maana. Mimi, ninayeadhimisha Misa kila siku! Seminari tulifundishwa kwamba neno Ekaristi linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani. Kila siku nikiwa altareni nawaalika waamini wamshukuru Bwana, nao wanakiri kwamba ni jambo jema na la haki. Kisha tunatoka nje, na kabla ya kufika getini tumeshaanza kulalamikia urefu wa matangazo. (Kuhusu matangazo, nakubali, mna haki kidogo.)

Tumezoea kuwasema vibaya wale wakoma tisa wa Injili ya Luka, sura ya 17. Mimi nawaonea huruma. Yesu aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walikwenda, walitii. Tena walikuwa watu waliotengwa na nyumba zao. Nani kati yetu asingekimbilia nyumbani? Yule wa kumi, Msamaria, Luka anatuambia kwamba alipoona amepona, aligeuka akarudi. Alianza kwa kuona. Wengine nao walipona, ngozi zao zilikuwa safi kama yake, lakini ni yeye aliyesimama njiani akajitazama vizuri. Shukrani ilianzia machoni, ndipo ikafika miguuni, na mwishoni mdomoni. Sisi mara nyingi tunaanzia mdomoni na kuishia hapohapo.

Tunazo Misa za shukrani: za harusi, za jubilei, za mtoto aliyemaliza chuo. Ni desturi nzuri, tuendelee nayo. Lakini mtu hamalizi chuo kila siku, na Mungu hutulisha kila siku.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi yake ya Kiroho, aliweka shukrani kuwa hatua ya kwanza ya kutafiti dhamiri, kabla mtu hajaanza kuzitafuta dhambi zake. Wengi wetu tulizoeshwa kuanzia kwenye dhambi, ndiyo maana tunalala na mioyo mizito. Anza na mema ya siku hii. Yataje kwa majina yake. Ukisema tu, "Asante kwa yote," hujasema kitu. Ni kama mgeni anayeshukuru kwa chakula bila kukumbuka alikula nini.

Namfahamu baba mmoja, sitasema ni wa kigango gani. Mkoa wetu mnaujua: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kati ya watu wazima hapa Njombe ni asilimia 12.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Baba huyu humeza kidonge chake kila siku saa mbili usiku. Kwa miaka mingi alikimeza kwa hasira, kwa sababu kilimkumbusha kosa lake na mke aliyemzika. Sijui nani alimfundisha, labda Roho Mtakatifu mwenyewe, lakini alianza kushika kidonge mkononi na kutaja kitu kimoja cha siku hiyo kabla ya kunywa maji. Leo mbuzi amezaa. Leo mjukuu amenisomea gazeti. Leo nimepanda kile kilima bila kupumzika. Aliniambia, "Baba, dawa siruhusiwi kukosa, basi na shukrani sikosi."

Ndugu yangu, hapo kuna hekima kubwa kuliko mahubiri yangu mengi. Hakutafuta saa mpya ya kusali, alitundika sala yake kwenye msumari uliokwisha kupigwa ukutani. Wewe msumari wako ni upi? Kuwasha moto asubuhi? Kupiga kiki pikipiki? Kufunga mlango wa duka?

Lakini hapa sina budi kuungama kosa. Msimu mmoja wa viazi alinijia mama mjane akilalamika. Mnunuzi alimtaka ajaze gunia mpaka livae kilemba, ile lumbesa mnayoijua, ndoo mbili zaidi juu ya mdomo wa gunia, kwa bei ileile ya gunia moja. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Mama, wewe shukuru Mungu umeuza." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Padre, Mungu namshukuru kwa kila kiazi, hata vile vya kwenye kilemba. Ndiyo maana najua vilikuwa vingapi."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka. Mimi nilitumia shukrani kama kifuniko cha sufuria, ili nisisikie kinachochemka ndani. Tunafanya hivyo mara nyingi, hasa sisi wenye nafasi ya kusema. Kibarua hajalipwa, tunamwambia ashukuru ana kazi. Mke anapigwa, tunamwambia ashukuru ameolewa. Hiyo siyo shukrani ya Kikristo. Lumbesa imepigwa marufuku na serikali, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Anayeidai haki hiyo hamkufuru Mungu aliyempa viazi. Nabii Habakuki, yule anayesema katika sura ya mwisho kwamba atamfurahia Bwana hata mtini usipochanua na zizi likiwa tupu, ndiye huyohuyo aliyefungua kitabu chake kwa kumlilia Mungu kuhusu dhuluma na sheria iliyolegea. Wakulima wetu, ambao sakitu huwaunguzia shamba kwa usiku mmoja, wanamwelewa vizuri kuliko wasomi. Wimbo wake wa mwisho una uzito kwa sababu hakuyafumbia macho yale ya mwanzo.

Msimu uliofuata wanajumuiya wa mama yule walichangishana, wakanunua mizani. Waliniita niibariki. Ulipofika wakati wa nia, mama alimshukuru Mungu kwa mvua iliyowahi, kwa mbegu aliyoazimwa na jirani, na kwa mgongo uliokubali kuinama. Kwa mnunuzi hakusema neno. Nilipomaliza kunyunyiza maji ya baraka, gunia la kwanza lilipandishwa. Mshale ukasimama kwenye kilo 99. Watu wakaanza kupiga makofi, lakini mama akawazuia kwa mkono, akainama kwenye ndoo yake, akaongeza kiazi kimoja kimoja mpaka mshale ukafika 100.