Mtoto Hana VVU: Je, Kiswahili Kimemaliza Kazi?

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kinastahili kujivunia ni UKIMWI. Neno hili, lililoundwa kutokana na 'Upungufu wa Kinga Mwilini', halikutaja ugonjwa tu bali lilimweleza msikilizaji kinachotendeka mwilini. Mkulima ambaye hajawahi kuingia maabara alifahamu kuwa mwili una kinga, na kwamba kinga hiyo huweza kupungua. Makala haya yanadai kuwa kazi iliyoanzishwa na neno hilo haijakamilika, na kwamba wanaoathirika ni watoto wasio na virusi hivyo kabisa.

Pasipo dawa, uwezekano wa mama mwenye VVU kumwambukiza mwanawe ni asilimia 15 hadi 45. Tiba ya kisasa huweza kuushusha chini ya asilimia 5. Haya ni mafanikio makubwa. Matokeo yake, leo duniani wapo watoto zaidi ya milioni 15 waliozaliwa na mama wenye VVU bila wao wenyewe kuambukizwa, na aghalabu yao wamo Afrika kusini mwa Sahara. Mama huambiwa, "Mtoto yuko salama," na mazungumzo yakaishia hapo.

Hata hivyo, sayansi haikuishia hapo. Imebainika kuwa watoto hawa, kwa wastani, huugua na kudumaa kuliko wenzao. Sababu ni nyingi, umaskini na afya ya mama zikiwamo. Mojawapo inayochunguzwa imo utumboni. Mwaka wa 2016, watafiti waliochunguza jozi 50 za mama na watoto nchini Haiti walionyesha kuwa bakteria wa utumbo wa watoto hao walitofautiana na wa watoto wa mama wasio na VVU. Maziwa ya mama nayo yana sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria wema, na katika uchunguzi huo sukari hizo pia zilitofautiana. Nchini Zimbabwe, vipimo vya damu vilionyesha kuwa kinga ya watoto wa aina hii huwa macho kupita kiasi, mithili ya askari anayepigana ilhali adui haonekani. Yamkini mambo haya mawili yanahusiana, kwa kuwa utumbo usio na bakteria wafaao huweza kuichokoza kinga mchana na usiku.

Je, muuguzi atamweleza mama hayo kwa maneno gani? Hali hiyo ya kinga aghalabu huitwa 'uvimbe'. Mama atampapasa mwanawe, asione palipovimba, aondoke akiamini hakuna neno; au atadhani ametajiwa saratani. Bakteria nao wakiitwa 'vijidudu', atafikiria uchafu na kutafuta dawa ya kuwaua, ilhali baadhi yao ndio walinzi wa mtoto.

Ninapendekeza tuseme 'mwako wa kinga'. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ingawa kinga ya methali hiyo ni kijinga cha moto, mgongano huu wa maana unatufaa: kinga ya mwili nayo huwaka, na ikiwaka bila kuzimika humuunguza mwenyewe. Kwa bakteria, 'jumuiya ya bakteria wa utumbo' inatosha, kwani jumuiya ina wema na waovu.

Kuna istilahi ya tatu ambayo wataalamu wangependa tuwaundie: jina fupi la mtoto mwenyewe. Hilo tulikatae. Watatuambia kuwa ripoti zahitaji ufupi, na hoja yao ina uzito. Lakini jina halibaki ripotini. Litafika kliniki, lishuke kijijini, liingie darasani, na siri ya mama itakuwa imetangazwa kwa kumwita mwanawe. Tuseme kwa urefu 'mtoto asiye na VVU, mama yake anayo'. Hiyo ni sentensi ya faraghani. Haigeuki lakabu uwanjani.

Isidhaniwe kuwa elimu hii inamtaka mama aache dawa au asinyonyeshe. Kinyume chake, dawa ndizo zilizomwokoa mtoto, na kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo ndiko kunakoilisha jumuiya hiyo. Mama anayejua sababu hulishika agizo kwa uthabiti kuliko aliyeamrishwa tu.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya. Urasmi huo hautakuwa na maana iwapo utakoma Bungeni na mahakamani, usifike kwenye benchi la kliniki. Wanachama wenzangu, tasnifu zetu juu ya istilahi ni nyingi. Tuzipeleke kwa wauguzi, tuwasikilize mama wakiyatamka maneno hayo, na neno litakalowakwama tulitupe bila kinyongo.