Daftari la Viumbe Wageni: Wito kwa Wananchi wa Tanzania

Spishi ngeni, kwa maana inayotumiwa na wanabiolojia, ni aina ya mmea, mnyama, kuvu au kijidudu iliyofikishwa na binadamu, kwa makusudi au kwa bahati, mahali ambapo isingeweza kufika yenyewe. Spishi vamizi ni ile spishi ngeni ambayo, baada ya kuzoea makao mapya na kuzaana bila kutunzwa na mtu, huenea hata ikadhuru viumbe asilia, mashamba, malisho au afya ya watu. Nyingi kati ya spishi ngeni hazifiki kamwe hatua hiyo ya pili: mahindi, muhogo na mkorosho vilitoka Amerika, mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, na hakuna Mtanzania anayefikiria kuvifukuza. Kwa sababu hiyo daftari la taifa la viumbe wageni, ambalo wananchi wanaombwa hapa kushiriki kulijaza, halikusudiwi kuwa orodha ya maadui, bali kumbukumbu ya nani alifika, wapi, lini, na anaendeleaje.

Historia ya nchi imetunza vizuri habari za viumbe waliotakiwa, na vibaya habari za waliojiingiza. Inajulikana kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na kwamba ni 62 tu iliyofika ikiwa hai; zao lililokuja kutawala uchumi wa Tanga lilihesabiwa mche kwa mche. Hesabu kama hiyo haipo kwa gugu karoti (Parthenium hysterophorus), mmea wa Amerika wenye majani yanayofanana na ya karoti na maua madogo meupe, ambao uliripotiwa Arusha mnamo mwaka 2010. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa maelfu, nazo husafiri katika tope la magurudumu, mchanga wa ujenzi na marobota ya nyasi. Huwasha ngozi, husumbua wenye pumu, na hufanya maziwa ya ng'ombe walioula kuwa machungu. Hakuna aliyeuagiza, wala aliyetia sahihi kuupokea.

Pengo hilo la kumbukumbu lina gharama, kwa kuwa kwa kawaida spishi vamizi hung'olewa kabisa pale tu inapokuwa bado imeshika eneo dogo, na baada ya hapo kazi hubaki kuwa ya kuipunguza mwaka hadi mwaka. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na leo makundi yake yanapora mayai na makinda ya ndege wengine hadi Dar es Salaam na mbali ya hapo. Sangara naye alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Aliwala furu, samaki wadogo ambao ziwa hilo lilikuwa na mamia ya spishi zake, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine duniani, na wakati huohuo akajenga viwanda vya minofu na ajira za maelfu ya watu. Daftari la kweli litaandika yote mawili bila kuona haya.

Ugumu zaidi umo katika mti wa Maesopsis eminii, unaoitwa musizi katika nchi za Maziwa Makuu. Ni mti wa asili huko Kagera, lakini ulipopandwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, hondohondo walikula matunda yake na kuzisambaza mbegu katika msitu wenye mimea isiyopatikana kwingine. Orodha inayotaja nchi tu haiwezi kuuona uvamizi huo, kwa maana mti huo ni wa asili ndani ya nchi hiyohiyo.

Rejista ya kimataifa ya spishi ngeni na vamizi, ijulikanayo kwa kifupi kama GRIIS, ina orodha za nchi 196, nayo ni msingi wa kuheshimiwa. Hata hivyo orodha za aina hiyo hutegemea sana yale yaliyokwisha kuandikwa na wataalamu, na wataalamu hao ni wachache. Katika mpango wa Kunming na Montreal wa Desemba 2022, mataifa yalikubaliana kupunguza angalau kwa asilimia 50, ifikapo mwaka 2030, kasi ya kuingia na kuota mizizi kwa spishi vamizi. Kasi haipimwi bila tarehe, na tarehe nyingi zimo vichwani mwa wafugaji, wavuvi, wauza miche, madereva wa malori na vibarua wa bandarini.

Wananchi wanaombwa basi kuifanya kazi ya kulijaza daftari kuwa ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa: kiumbe kinaitwaje na wenyeji, kimeonekana wapi, na kilionekana mara ya kwanza mwaka gani, hata kama mwaka huo utakadiriwa kwa mavuno au mafuriko yanayokumbukwa. Mahali pazuri pa kuanzia ni mimea ambayo wazee hawana jina lake. Walimu wa biolojia wanaweza kukausha vielelezo kati ya kurasa za magazeti na kuvipeleka, kwa njia ya afisa ugani, kwenye hebaria ya taifa Arusha, yaani ghala la mimea iliyokaushwa ambalo hutunza ushahidi wa kila jina.

Mamlaka nazo zina deni lao. Taarifa ikipokelewa, kijiji kijibiwe jina la kiumbe na ushauri wa nini kifanyike, na daftari lichapishwe kwa Kiswahili mahali ambapo yeyote anaweza kulisoma bila malipo, kwa kuwa watu wanaoombwa habari mara tatu bila kupewa jibu hawataitoa mara ya nne. Kwa wanaokusanya vielelezo ipo tahadhari moja: gugu karoti lenye maua lisibebwe, bali lipigwe picha lilipo, mahali paandikwe, na anayeling'oa avae glavu.